Sahani ya Baharini: Historia ya Chakula Katika Meli za Abiria, na Nafasi Yetu Mezani



Fungate ya melini imekuwa gumzo siku hizi. Hina ikishazungumzwa na mshoni akishapatikana, suali linalofuata ni hili: meli za kampuni gani zina chakula kizuri zaidi? Ni suali la maana, kwani melini hakuna kutoka nje kutafuta mgahawa mwengine. Unachopikiwa ndicho utakachokula, wiki nzima. Lakini kabla ya kulinganisha kampuni na kampuni, tuangalie kwanza chakula cha melini kimetoka wapi. Historia yake inatufundisha jambo moja kubwa: kila kampuni ilipika vizuri kwa yule iliyemtaka mezani.

Sisi watu wa visiwa tuna kipimo chetu cha zamani. Mwandishi wa Australia, Alan Villiers, alisafiri na jahazi la Kuwait katika msimu wa 1938 na 1939, akafika mpaka Zanzibar na delta ya Rufiji, kisha akaandika kitabu kiitwacho Sons of Sinbad. Chakula cha jahazini kilikuwa wali, samaki na tende. Hakikuwa cha fahari, lakini watu walikizunguka chano kimoja, wakala kwa mkono. Hapakuwa na wasiwasi wa nguruwe wala mvinyo, kwa sababu aliyepika na aliyekula walikuwa wa dini moja. Tuliweke jahazi hilo akilini, tutalihitaji mbele.

Ng'ombe ndani ya meli

Mwaka 1840 mambo mawili yalitokea baharini. Mwezi wa Aprili meli ya Sayyid Said, Sultana, iliingia New York kutoka Zanzibar ikiwa na tende, buni, karafuu, ngozi na pembe za ndovu, chini ya Ahmad bin Na'aman. Na mwezi wa Julai meli ya moshi Britannia, ya kampuni ya Cunard, ikaanza safari zake kutoka Liverpool kwenda Halifax na Boston.

Britannia haikuwa na barafu la kutosha wala jokofu. Ili abiria wapate maziwa, ilibidi ng'ombe apakiwe melini akiwa hai. Nyama ya siku za mwanzo ilikuwa mbichi, na kadiri safari ilivyosonga ndivyo chumvi ilivyozidi. Charles Dickens aliipanda meli hiyo Januari 1842, na katika kitabu chake American Notes aliifanyia mzaha mkubwa, pamoja na chumba chake chembamba cha kulia.

Hao walikuwa abiria wenye uwezo. Wahamiaji maskini waliovuka Atlantiki kwa meli za matanga walipimiwa posho ya unga, mchele na biskuti ngumu, wakasubiri zamu ya moto na kujipikia wenyewe. Bahari ikichafuka, moto ulizimwa, na watu wakalala na njaa.

Mahujaji nao walipita njia hiyo hiyo. Waislamu wa India waliosafiri kwa meli za moshi kwenda Jeddah katika karne ya 19 walibeba mchele, dengu na samli zao, wakapika sitahani katika msongamano. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1886 serikali ya Kiingereza ya India iliipa kampuni ya Thomas Cook kazi ya kusimamia safari za mahujaji, kazi iliyodumu mpaka 1893. Basi bibi wa Kiislamu aliyekwenda Hijja wakati huo alikuwa abiria na mpishi kwa pamoja. Chakula kilikuwa halali bila shaka yoyote, lakini tabu yote ilikuwa juu yake.

Kampuni zaanza kushindana

Mashine za kugandisha ndizo zilizobadilisha meza. Mwaka 1880 meli Strathleven ilifikisha London nyama iliyogandishwa kutoka Australia, na baada ya muda vyumba vya baridi vikawa kitu cha kawaida katika meli kubwa za abiria. Ng'ombe akashuka, na wapishi wa hoteli wakapanda.

Hapo kampuni zikaanza kujitofautisha. Cunard ilijivunia mwendo wa kasi, na mwaka 1907 ikatoa Lusitania na Mauretania. Wajerumani wa Hamburg-Amerika, chini ya Albert Ballin, waliamua kuwavuta abiria kwa starehe. Mwaka 1905 meli yao Amerika ilifunguliwa mgahawa wa jina la Ritz-Carlton, ambapo tajiri aliagiza anachokitaka, saa anayoitaka, na kukilipia mbali. White Star wakafuata njia hiyo hiyo katika Titanic mwaka 1912.

Wafaransa wa Compagnie Générale Transatlantique ndio waliojijengea jina kwa chakula chenyewe. Meli yao Normandie, iliyoanza safari 1935, ilikuwa na ukumbi wa chakula wa daraja la kwanza wenye urefu wa mita 93 hivi, unaochukua watu 700 kwa mara moja. Lakini dada, angalia na hili: fahari ya Wafaransa ilikuwa mvinyo wa mezani bila malipo. Kile ambacho kwa wengine kilikuwa ukarimu, kwa Muislamu kilikuwa ni sababu ya kuinuka mezani.

Daraja la chini nalo lilipanda, na sababu yake si huruma. Mwaka 1921 na 1924 Marekani ilipitisha sheria za kupunguza wahamiaji, na vitanda vya daraja la tatu vikabaki vitupu. Kampuni zikavigeuza kuwa vya watalii wa kipato cha kati, walimu na wanafunzi, na watu hao hawakukubali kulishwa uji na biskuti.

Jiko la nani?

Sasa tuje kwenye linalotuhusu. Kampuni za Magharibi zilijua tangu zamani kwamba dini ya abiria ni sehemu ya chakula chake. Titanic ilikuwa na mpishi wa chakula cha kosheri, kwa sababu Mayahudi wa Ulaya ya Mashariki walikuwa wengi miongoni mwa wahamiaji, na kampuni iliitaka nauli yao. Walioheshimiwa mezani ni wale waliokuwa wengi na waliouliza.

Katika bahari yetu, kampuni ya British India ilileta meli za barua Zanzibar kuanzia mwaka 1872. Baadae meli zake Kampala na Karanja zilikwenda baina ya Bombay, Afrika Mashariki na Durban, zikichukua mamia ya abiria wa sitahani, Waislamu na Wahindu. Kampuni ililazimika kutenga majiko, kwa sababu Mhindu asiyekula nyama na Muislamu anayetaka nyama ya kuchinjwa hawawezi kuchangia sufuria moja. Wazungu wa daraja la kwanza walikuwa na jiko lao, lenye nguruwe na divai.

Na chini kabisa, penye moto na makaa ya mawe, mabaharia wa Kihindi, wengi wao Waislamu, walikuwa na mpishi wao aliyeitwa bhandari. Aliwapikia wali, dengu na mchuzi kwa taratibu zao. Kwa hivyo katika meli moja, chakula cha kifahari kabisa kilikuwa haramu kwetu, na chakula cha wavuja jasho kilikuwa halali. Hapo ndipo tunapoona kwamba ubora wa chakula una mizani mbili: ladha na utulivu wa nafsi.

Kutoka kusafiri hadi kutembea

Mwaka 1958 ndege za jeti zilianza kuvuka Atlantiki, na meli zikapoteza abiria waliokuwa na haraka. Zilizobaki zikawa za matembezi. Royal Caribbean ilianzishwa 1968, Carnival 1972. Madaraja mengi yakafutwa, chakula kikaingizwa ndani ya nauli, na bufee zikajaa. Wingi ukawa ndio sifa.

Baadae wingi haukutosha. Celebrity ikamchukua mpishi mashuhuri Michel Roux kusimamia vyakula vyake. Oceania, iliyoanzishwa 2002, ikajitambulisha kwa jina la Jacques Pépin. Norwegian mwaka 2000 ikaondoa saa maalumu za kula na kufungua migahawa mingi, baadhi ya kulipia. Cunard nayo mpaka leo inatenga migahawa ya Grill kwa wenye vyumba vya bei kubwa. Yaani mgahawa wa kulipia wa mwaka 1905 umerudi kwa sura mpya, na chakula cha bora kabisa mara nyingi hakimo katika nauli uliyoonyeshwa kwenye tangazo.

Kuna kipimo kimoja kisichotegemea sifa za matangazo. Tangu miaka ya 1970 idara ya afya ya Marekani, CDC, hukagua usafi wa meli zinazoingia bandari za nchi hiyo na kuzipa alama juu ya 100. Alama 85 au chini yake ni kufeli, na matokeo yako wazi kwa kila mtu. Usafi ni katika dini yetu, basi tusione haya kuyasoma kabla ya kulipa.

Na mwaka 2024 ukafunguliwa mlango mwengine. Kampuni ya Saudi Arabia, AROYA, ilianza safari kutoka Jeddah kwa meli iliyojengwa Ujerumani na iliyokuwa ikiitwa World Dream. Chakula chake ni halali na pombe haimo. Bandari ile ile ambayo bibi wa India aliteremka amebeba sufuria yake, leo mjukuu anapanda meli na kupikiwa.

Tulichojifunza

Basi biharusi, ukilinganisha kampuni usiishie kwenye picha za kamba na keki. Uliza kama nyama na kuku wana cheti cha halali na kimetolewa na nani, au kama kampuni inasema tu "hatuna nguruwe katika chakula hiki". Uliza kama maombi yako yanatakiwa mapema, kwani chakula hupakiwa kabla ya safari na baharini hakuna duka la kukimbilia. Mawindo ya bahari tumehalalishiwa katika Surat al-Maida, na wengi wetu hukimbilia samaki tukidhani tumesalimika. Lakini uliza samaki huyo amekaangwa katika mafuta ya nini, na mchuzi wake umetiwa divai au vipi. Vitamutamu navyo huwa na jelatini.

Majibu hayo yatake kwa maandishi, kabla ya kulipa. Na usiwaachie bwana harusi na wakala peke yao. Kaeni mkayasome pamoja, kwa sababu ni chakula cha kwanza cha nyumba yenu.

Wala tusione tabu kuuliza. Mayahudi wa daraja la tatu waliuliza, wakawekewa mpishi. Abiria wa sitahani wa Bombay waliuliza, wakatengewa jiko. Kampuni ya leo nayo inataka nauli yako. Na kama hujaridhika na jibu, fungate ya Pemba, kwenye chano kimoja cha wali na samaki, ina baraka zake.

Allah azijaalie ndoa zenu mapenzi, huruma na riziki ya halali. Amin.