Pingili Moja ya Mlango

Mdogo wangu alirudisha gari nyuma kabla mlango haujamaliza kupanda. Anaishi Columbus, jimbo la Ohio, katika nyumba ambayo gari nalo lina chumba chake. Jioni alimpigia Mama, Tanga, kumjulia hali tu, na katikati ya salamu likamtoka: "Mama, nimegonga mlango wa gereji."

Mama alinyamaza kidogo. "Gereji ya nani tena, mwanangu? Na hilo gari lilikuwa linaumwa nini hata ukalipeleka?"

Mdogo wangu alijaribu kueleza, akakwama, akacheka, mwisho akanitupia mimi mzigo. "Kaka, hebu mweleze wewe unayeshinda na makamusi." Nikadhani ni kazi ya dakika mbili. Imenichukua wiki tatu, na hesabu ya fundi imenifundisha zaidi ya makamusi.

Tuanze na gereji. Kwa Mama, na kwa wengi wetu, gereji ni pale chini ya mwembe penye matairi yaliyorundikwa, mchanga uliolowa oili, na fundi aliyelala chali chini ya gari akionekana miguu tu. Gari haliendi gereji kulala. Likilala huko, ujue spea haijapatikana. Neno lenyewe limetoka kwa Wafaransa, kwenye kitenzi chao garer, yaani kukiweka chombo mahali pa salama. Waingereza walilichukua mwanzoni mwa karne ya 20, magari yalipoanza kuenea, na kwao likabeba maana zote mbili: pa kulaza gari na pa kulitengeneza. Lilipofika kwetu tukaikumbatia ile ya pili. Nadhani sababu ni nyepesi: wenye chumba cha kulaza gari walikuwa wachache, na chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya ukuta. Fundi alikuwa barabarani, kila mtu akimwona.

Hatukuanza na gereji kulifanyia neno la kuazima hivyo. Mwambie dalali wa Dar es Salaam kwamba unatafuta fremu. Hatakupeleka kwa seremala; atakupeleka kwenye chumba cha duka cha kupangisha. Fremu ya mlango imekua ikawa nyumba ya biashara. Na bawaba, ile inayoufanya mlango uzunguke, imepita njia ya kinyume. Kwa Waarabu bawwaba ni lango kubwa. Kwetu lango limesinyaa hadi likatosha kiganjani. Neno likivuka bahari halidai kurudishiwa umbo lake.

Basi nikamwambia Mama gereji ya huko ni banda la gari. Akaelewa mara moja. "Na mlango umevunjika nini?"

Hapo ndipo palipokuwa na pesa.

Mdogo wangu alipopigia simu kampuni ya milango, dada aliyepokea alimwuliza paneli ngapi zimeharibika. Akatoka nje kuhesabu. Mlango wake ni wa magari mawili, upana futi 16, na uso wake wa chuma umepambwa kwa mistatili iliyotuna, safu juu ya safu. Mistatili miwili ya safu ya pili kutoka chini ilikuwa imebonyea. "Mbili," akajibu. Makadirio yakaja kwa barua pepe: paneli mbili, dola 860, ufundi, dola 320, jumla dola 1,180. Mama alipogeuziwa fedha hizo kuwa shilingi, alimtaja Mwenyezi Mungu mara mbili.

Kisha fundi akaja na tepu ya kupimia. Akautazama mlango, akamtazama mdogo wangu, akauliza: paneli ya pili iko wapi? Kumbe kampuni ilipouliza habari za paneli, ilikusudia ule mkanda mzima wa chuma unaokwenda kutoka ukingo hadi ukingo. Mlango wa kimo cha futi 7 una inchi 84, na mara nyingi hugawanywa mikanda minne ya inchi 21, iliyoungwa kwa bawaba ili ujikunje unapoingia darini. Mdogo wangu alihesabu mapambo. Dada wa simuni akaandika mikanda. Mkanda ulioharibika ulikuwa mmoja tu: dola 430, na ufundi dola 210. Jumla dola 640. Tofauti ilikuwa dola 540, na hiyo yote ilikuwa bei ya neno moja.

Wala si mdogo wangu peke yake aliyeteleza. Mafundi wa kule wana neno jingine kwa mkanda mzima, sekisheni, lakini wateja, wauzaji na hata mafundi wenyewe wakiwa na haraka huita kila kitu paneli. Asili yake haisaidii: imetokana na pannus ya Kilatini, kitambaa, na paneli ya kwanza ilikuwa kijitambaa. Kwa hiyo mtu anayelalamikia paneli ya mlango, ukilichimba neno lake hadi chini, analalamikia kiraka.

Kwetu neno hilo limekwisha kupata kazi nyingine. Nilipomtajia Mama paneli, aliuliza kama umeme umekatika. Paneli kwake iko juu ya bati, inakunywa jua na kuchaji simu za majirani. Kulishusha hadi mlangoni kungekuwa kumtwisha punda mzigo wa pili.

Nikajaribu maneno ya nyumbani. Ubao? Mlango ni wa chuma. Kipande? Kipande ni chochote. Hata kioo kilichovunjika kina vipande. Bamba? Linakaribia, lakini bamba limetulia peke yake, halisemi kwamba limeungwa na wenzake. Nikakumbuka muwa. Sehemu iliyo kati ya fundo na fundo la muwa inaitwa pingili, na mianzi nayo ina pingili. Waandishi wa mambo ya afya wamekwisha kulihamisha neno hilo mwilini, wakasema pingili za uti wa mgongo: vipande vinavyofanana, vilivyoungwa mstarini, vinavyouwezesha mgongo kupinda bila kuvunjika. Mlango unaopanda kwenye reli na kujikunja kuelekea darini ni nini kama si uti wa mgongo uliolazwa? Bawaba ndizo mafundo. Ile mistatili iliyotuna tuiite nakshi, kama ambavyo seremala wa Unguja angeiita, hata kama imepigwa na mashine badala ya patasi.

Nikampigia Mama. "Mlango wake ni kama muwa, una pingili nne. Moja imebonyea."

"Sasa anataka kununua muwa mzima wa nini?"

Nilikaa kimya nikimsikiliza mama yangu, ambaye hajawahi kuuona mlango wa namna hiyo, akiuliza swali ambalo mwenye mlango hakuliuliza alipoletewa makadirio ya kwanza. Neno halikumweleza jina la kitu tu. Lilimpa sura yake, na kutoka kwenye sura akafika mwenyewe kwenye bei.

Swali lake lina jibu, na jibu lina adabu yake. Wakati mwingine inabidi kununua muwa mzima. Kila mtengenezaji hukata kingo za pingili zake kwa namna yake, kwa hiyo pingili ya kiwanda kimoja haiingiliani na ya kingine. Mlango ukiwa mkongwe, huenda toleo lake halifuliwi tena. Hata likipatikana, pingili mpya itang'aa kati ya wenzake waliopauka kwa jua la miaka. Na pingili hazilingani kwa kazi: ya chini kabisa imeshikwa na nyaya za chuma zinazobeba uzito wote wa mlango, ya juu ndiyo inayovutwa na mashine. Mdogo wangu alikuwa na bahati. Iliyobonyea ilikuwa ya pili, na toleo lilikuwa bado sokoni.

Fundi alimwuliza pia kuhusu unene: geji 24, 25 au 27? Mdogo wangu akachagua 27, akidhani namba kubwa ndiyo imara. Mama angemcheka. Mtu aliyeezeka nyumba Tanga anajua kwamba bati la geji 28 ni zito kuliko la geji 32, na kwamba muuzaji anayekusifia 32 anakutafutia mvua. Istilahi hiyo ya kinyumenyume Mama aliisomea dukani, fedha zikiwa mkononi, na ndiyo maana haimtoki.

Pingili nene ina uzito, na uzito unatupeleka juu ya mlango, kwenye zile springi zilizosokotwa katika mhimili. Tuna neno zuri kwa hizo, kamani, ingawa watu wengi huliachia saa ya ukutani. Ni jamaa ya kaman ya Kiajemi, yaani upinde, na kweli kamani ni upinde uliojiviringisha: unakunjwa, unaweka nguvu, unairudisha. Mlango ukishuka, kamani zinajikaza, ukipanda, zinalipa. Hupimwa kwa uzito wa mlango, kwa hiyo ukibadili pingili nyepesi ukaweka nzito, huenda ukalazimika kubadili na kamani. Na kwa kuwa nguvu iliyofungwa humo inaweza kuvunja mkono, mwenye nyumba hashauriwi kuzigusa.

Hata vitenzi vilinisumbua. Tunafunga mlango na kuufungua. Lakini huu unapanda na kushuka. Mlango wa kupanda wa namna hii ulibuniwa na Mmarekani C. G. Johnson mwaka 1921, na mwaka 1926 akauongezea mashine ya umeme. Kabla yake mabanda mengi ya magari yalikuwa na mbao mbili za kuvuta nje, na theluji ikianguka, mlango ulikuwa umefungwa na mbingu. Mabaharia wa mwambao wana kitenzi cha jambo la kwenda juu kwa kamba na kapi: tanga hutwekwa, likisha kazi hutuliwa. Mlango wa Columbus una nyaya, una magurudumu, una uzito unaopanda polepole. Nikimsikia mdogo wangu akisema ametweka mlango, nitaona jahazi likiondoka Pangani.

Hakuna ugeni katika haya. Mlango wa mji wa kale wa pwani ulikuwa na majina kila mahali: miimo pembeni, kizingiti juu na chini, mfaa katikati kuficha ufa wa mbao mbili, komeo, bawaba, tumbuu. Ubao mmoja uliitwa mlango dume, wa pili mlango jike. Majina hayo hayakutungwa na watu waliokaa kikaoni. Yaliletwa na haja: mtu aliyekwenda kwa seremala kuagiza, kubishana bei na kurudi kulalamika kwamba mfaa umepinda, alihitaji kuutaja mfaa. Kitu kikipita mikononi mwa watu wengi wenye fedha kidogo, hupata majina mengi.

Na fedha zenyewe zina majina. Bei imetoka kwenye neno la Kiarabu la kuuza; ni ile namba ya juu ya meza, dola 430. Ufundi ni ujuzi na pia ni malipo ya ujuzi, kwa neno hilohilo: tunamlipa mtu ufundi kana kwamba anaukata kipande na kutuachia. Gharama ni pana zaidi. Gharama ni asubuhi ambayo mdogo wangu hakwenda kazini, na siku tisa ambazo gari lililala nje kwenye baridi. Kwa Waarabu neno hilo lina maana ya faini, fidia ya kosa. Sisi tumelisahau kosa, tumebakiza malipo. Mdogo wangu, aliyeondoka bila kutazama kioo, alilirudishia maana yake ya kwanza.

Nimeliacha mwisho neno lililonipa kazi hii, istilahi. Kazi yake tunaihusisha na vyombo rasmi: Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, BAKITA tangu 1967, na meza za wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kazi yao ninaiheshimu. Lakini mzizi wa neno unatuambia lilikotoka. Ni mzizi uleule uliotupa suluhu na maslahi: istilahi ni jambo ambalo watu wamesuluhiana kwamba litaitwa hivi. Na wenzetu Waswahili wanaoishi Muscat wanapita kila siku chini ya vibao vyenye neno la mzizi huohuo, tasleeh, juu ya milango ya karakana: matengenezo ya magari. Kukubaliana na kutengeneza ni ndugu wa tumbo moja. Dada wa simuni na mdogo wangu hawakuwa na suluhu juu ya neno paneli, kwa hiyo kabla fundi hajagusa mlango, palihitajika kutengenezwa lugha.

Sijui kama pingili itaingia kamusini kwa maana hii. Kwa sasa ina wasemaji watatu, Tanga na Columbus. Pingili imewekwa, mlango unatwekwa na kutuliwa, na Mama kila akipiga simu huuliza muwa unaendeleaje.

Tulichoshindwa kusuluhisha ni banda. Mdogo wangu hakubali. Anasema hakulipia nyumba miaka yote hiyo ili aambiwe ana banda. Banda ni la kuku. Mama anamjibu kwamba kuku wake hawajawahi kugonga mlango.