Wageni wa Milansi

Wafipa husimulia ya kwamba makao yao ya kale ni Milansi, na mfalme wa kwanza ni Ntatakwa. Siku moja, mfalme akiwa mawindoni, walifika wanawake wageni wa ukoo wa Watwa, wakaketi katika kiti chake. Aliporudi, hawakupigana bali walipatana: Watwa watawale nchi, Milansi ibaki na ukuu wa matambiko. Baadaye Watwa waligawanyika, zikatokea dola za Nkansi na Lyangalile. Heshima ya Milansi ikadumu.

Masimulizi hayo yaliwafaa wote wawili. Mgeni alipata haki ya kutawala, kwa kuwa alipewa; mwenyeji naye hakupoteza utangulizi wake.

Wageni wengine walifuata. Mwaka 1885 Mapadre Weupe walishika kituo cha Karema, ziwani Tanganyika, na baada ya muda Wafipa wengi wakawa Wakatoliki. Nao Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi Katumba, kaskazini ya Ufipa, lakini hati za uraia zilianza kutolewa kwa wengi wao mwaka 2014 tu.

Basi ardhi peke yake haimalizi ugeni. Wazee wa Milansi walimpa mgeni cheo kinachojulikana, na mwenyeji akajua kilicho chake.