Nani Alipaswa Kujua? Wajibu wa Chuo Kikuu Mbele ya Uonevu wa Wageni katika Timu za Michezo

Ikisiri

Uonevu wa wageni, yaani kuwadhalilisha wanachama wapya kama sharti la kupokelewa, unapofichuka katika timu ya chuo, uongozi huuliza kwanza nani alijua. Makala haya yanadai kwamba swali hilo humlinda asiyetaka kujua. Kwa kulinganisha Dar es Salaam (1990), Leuven (2018) na Northwestern (2023), yanatetea kipimo kingine, yaani nani alipaswa kujua, na kuonyesha namna vyuo vya Kigali vinavyoweza kukiandika katika kanuni zao.

Utangulizi

Kampasi ya Nyarugenge ya Chuo Kikuu cha Rwanda inapakana na Kiyovu, mtaa wa hoteli na balozi katikati ya Kigali. Si mbali na hapo, ukumbi wa michezo wa Lycée de Kigali umekuwa ukipokea mechi za mpira wa kikapu.

Mchezaji wa mwaka wa kwanza anayejiunga na timu ya chuo kama hicho huingia akiwa na utegemezi wa namna tatu: anahitaji mahali pa kulala, nafasi ya kucheza na, mara nyingi, ufadhili wa masomo unaotegemea nafasi hiyo. Katika yote matatu, wakongwe wa timu wana sauti. Nahodha ndiye anayemwambia kocha nani ana nidhamu na nani ana kiburi. Ndiyo maana uonevu wa timu hauwezi kuchukuliwa kama ugomvi wa kawaida wa bwenini. Anayeonewa hawezi kuhama chumba na jambo likaisha, kwani akiondoka anapoteza na riziki yake ya masomo.

Tena wengi hawafiki chuoni wakiwa wageni wa mambo haya. Katika shule za bweni za Rwanda uonevu wa wageni huitwa kunnyuzura. Kenya, mgeni wa kidato cha kwanza huitwa mono. Tanzania, huitwa njuka. Mwaka 2017 Wakenya walishtushwa na taarifa za uonevu wa viranja katika Alliance High School, mojawapo ya shule zao zenye sifa kubwa. Kijana aliyemwagiwa maji usiku akiwa na miaka kumi na mitatu, na miaka mitatu baadaye akawamwagia wengine, hujiunga na timu ya chuo akiamini kwamba hivyo ndivyo watu wanavyopokelewa.

Dar es Salaam, 1990

Kisa cha Afrika Mashariki chenye mafunzo mengi zaidi hakikutokea katika timu ya michezo, ila kilifuata taratibu zilezile. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mzee Punch lilikuwa gazeti la ukutani lililoandikwa na wanaume wasiojulikana. Kwa muda lilisifiwa kwa kejeli zake za kisiasa. Kufikia miaka ya 1980 lilikuwa limegeuka chombo cha kuwadhalilisha wanafunzi wa kike kwa michoro na maandishi ya matusi.

Nguvu yake haikuwa katika karatasi peke yake. Aliyebandikwa ukutani alitengwa. Mtu akikaa naye meza moja ya chakula, au akionekana akitembea naye, alijua kwamba wiki inayofuata huenda jina lake ndilo litakalobandikwa. Kwa hiyo adhabu haikutekelezwa na waandishi wachache tu. Ilitekelezwa na mamia ya wanafunzi waliohamisha sahani zao kwa hofu.

Februari 1990 mwanafunzi Levina Mukasa, aliyekuwa amesumbuliwa na kudhalilishwa kwa namna hiyo, alijitoa uhai. Chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kililivalia njuga suala hilo, na Mzee Punch likapigwa marufuku. Miaka minane baadaye Tanzania ilipata sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, ambayo wanaharakati wale waliipigania.

Marufuku ile ilikuja baada ya kifo. Hata hivyo karatasi zilikuwa zikibandikwa mahali pa wazi, katika majengo ya chuo, na kila mtu alizisoma. Hakuna aliyeweza kudai kwamba jambo lilikuwa siri. Kilichokosekana ni ofisa mmoja ambaye kazi yake ilimlazimu kuchukua hatua mara alipoziona.

Leuven, 2018

Desturi ya wanafunzi wa Ubelgiji ya "kuwabatiza" wageni ina uhusiano wa karibu na eneo letu. Chuo Kikuu cha Lovanium, kilichofunguliwa Kongo mwaka 1954 kwa msaada wa Leuven, kiliirithi pamoja na mitaala. Desemba 2018, Sanda Dia, mwanafunzi wa KU Leuven mwenye miaka 20, alifariki baada ya ubatizo wa klabu iitwayo Reuzegom. Alikuwa amelazimishwa kunywa mchuzi wa samaki wenye chumvi nyingi na kukaa katika shimo la maji ya baridi.

Adhabu ya kwanza ya chuo ilikuwa saa 30 za kazi za kijamii na insha kuhusu historia ya ubatizo wa wanafunzi. Mei 2023 Mahakama ya Rufaa ya Antwerp iliwatia hatiani wanachama 18 kwa kusababisha kifo bila kukusudia na kwa kumtendea mtu kwa namna ya kudhalilisha, ikawapa kazi za kijamii na faini ya euro 400 kila mmoja.

Reuzegom haikuwa imesaini mkataba wa chuo kuhusu ubatizo. Huo ndio udhaifu wa mikataba ya hiari: huwafunga waungwana na kuwaacha nje wale hasa waliokusudiwa.

Northwestern, 2023

Kisa cha tatu ni cha timu yenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2022, Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani kilipokea malalamiko yasiyo na jina kuhusu timu yake ya futiboli ya Kimarekani. Kilimpa kazi ya uchunguzi wakili wa nje. Tarehe 7 Julai 2023 kilitangaza kwamba madai yalithibitika kwa sehemu kubwa, lakini hapakuwa na ushahidi wa kutosha kuwa makocha walijua, ingawa walikuwa na nafasi nyingi za kugundua. Kocha mkuu, Pat Fitzgerald, alisimamishwa wiki mbili bila malipo. Siku iliyofuata gazeti la wanafunzi, The Daily Northwestern, lilichapisha maelezo ya mchezaji wa zamani kuhusu yaliyotendeka katika chumba cha kubadilishia nguo. Tarehe 10 Julai kocha alifukuzwa.

Ushahidi uliomletea kocha wiki mbili Ijumaa haukutofautiana sana na uliomfukuzisha Jumatatu. Kilichobadilika ni kwamba umma ulikuwa umesoma. Kocha alishtaki akidai dola milioni 130, na Agosti 2025 pande mbili zikapatana. Chuo kikakiri kuwa ushahidi haukuonyesha mchezaji yeyote aliyemripotia kocha uonevu.

Pingamizi

Wapo watakaosema kwamba maafikiano hayo ya Northwestern yanabomoa hoja yangu, kwa kuwa mtu karibu aangamizwe kwa jambo ambalo hakuthibitika kulijua. Naona kinyume chake. Chuo kilikuwa na njia moja tu ya kumwajibisha kocha, nayo ni kudai kwamba alijua; vinginevyo kingenyamaza kimya. Kama mkataba wake ungemtaka akague chumba cha wachezaji, azungumze na wageni faraghani na kupeleka taarifa ya maandishi kila muhula, angepimwa kwa kazi aliyopewa. Akiwa ameitimiza, angelindwa. Akiwa ameiacha, angewajibika bila mtu kulazimika kuchungulia moyo wake. Kipimo cha wajibu humtendea haki kocha vilevile.

Pingamizi la pili ni la wachezaji wenyewe: tulikubali, ulikuwa utani, na umetuunganisha. Sheria za karibuni zimelijibu. Nchini Ufaransa uonevu wa wageni ni kosa la jinai tangu mwaka 1998, aliyetendewa awe amekubali au la, na baadaye mazingira ya michezo yalitajwa waziwazi. Sheria ya Marekani iliyotiwa saini Desemba 2024 nayo haijali utayari wa mtendewa, na inavitaka vyuo kuchapisha taarifa za makundi yaliyopatikana na hatia, timu zikiwemo. Ridhaa ya mtu anayeogopa kupoteza ufadhili haina uzito.

Kwa vyuo vya Kigali

Sheria ya Rwanda ina mbegu ya kipimo hiki tayari. Sheria yake ya jinai huadhibu kumwacha mtu aliye hatarini bila msaada, na katika nchi iliyopitia mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 wajibu wa anayetazama haujadiliwi kama nadharia. Kanuni za nidhamu za vyuo ziutafsiri wajibu huo kwa lugha ya timu.

Kwanza, ridhaa isikubaliwe kuwa utetezi. Pili, kocha na nahodha wapewe kazi zinazoweza kukaguliwa, hasa katika kambi za nje na wiki za mwanzo za mwaka wa masomo. Tatu, ufadhili na nafasi ya mchezaji mpya visiguswe bila ofisi iliyo nje ya idara ya michezo kuridhia; bila hilo, sanduku la malalamiko litabaki tupu. Nne, chuo kichapishe kila mwaka malalamiko mangapi yalipokelewa na hatua gani zilichukuliwa, majina ya waathirika yakifichwa.

La tatu ndilo zito zaidi, na ndilo litakalopingwa zaidi kwa sababu linagusa madaraka ya kocha. Ila bila hilo mengine yote yanabaki karatasi. Dar es Salaam, walioona walinyamaza kwa sababu kusema kulikuwa na gharama. Northwestern, malalamiko yalikuja bila jina. Chuo kinachotaka kuambiwa mapema kiishushe gharama hiyo kwa maandishi, kabla mchezaji hajavaa jezi yake ya kwanza.