Mkataba wa kulipana tofauti ya bei

Mtambo wa upepo wa baharini haununui mafuta. Karibu gharama yake yote hutoka mapema, kabla haujazalisha hata uniti moja: misingi, minara, nyaya za chini ya bahari, meli za kusimikia. Benki inayoombwa mkopo wa gharama hiyo hutaka kujua jambo moja, umeme utauzwa bei gani miaka yote ya deni? Uingereza hakuna awezaye kujibu, kwani bei ya soko la jumla hupanda na kushuka ndani ya siku moja. Jawabu lilikuja na Sheria ya Nishati ya 2013. Ukilitafsiri jina lake la Kiingereza, contract for difference, neno kwa neno unapata "mkataba wa tofauti", jina linalosikika kama hati ya watu waliokosana.

Utaratibu ni huu. Mwenye mtambo na kampuni ya serikali, Low Carbon Contracts Company, huandikiana bei ya mkataba. Umeme wenyewe anauuza sokoni kama wenzake. Tuseme bei ya mkataba ni pauni 80 kwa megawati-saa. Soko likiwa pauni 50, anaongezewa 30. Soko likifika 120, yeye ndiye anayetoa 40. Mzigo huo, au nafuu hiyo, hupitia kwa kampuni zinazowauzia wananchi umeme na kuishia kwenye bili.

Ndiyo maana neno "ruzuku" halifai, na "fidia" nayo humtazama mmoja tu. Mimi ningeandika mkataba wa kulipana tofauti ya bei. Ni refu, lakini -ana ya "kulipana" haiwezi kuachwa. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya gesi, baadhi ya wenye mitambo walirudisha fedha. Wengine, wajanja zaidi, walichelewesha kuanza kwa mikataba yao wauze kwanza kwa bei ya soko, masharti yaliwaruhusu.

Mikataba hutolewa kwa zabuni. Nasisitiza zabuni, si mnada: mnadani hushinda mwenye dau kubwa, hapa hushinda anayeomba kidogo. Matokeo ya 2015 kwa upepo wa baharini yalikuwa kati ya pauni 114 na 120 kwa megawati-saa. Ya 2022 yakashuka hadi 37.35, zote zikihesabiwa kwa thamani ya pauni ya 2012. Serikali ikazoea. Mwaka 2023 iliweka kikomo cha 44 wakati vifaa na riba vimepanda, na hakuna mradi hata mmoja wa upepo wa baharini uliojitokeza. Mwaka uliofuata kikomo kikawa 73, miradi ikarudi, na mipya ikapata 58.87.

Istilahi hii isichanganywe na mkataba wa ununuzi wa umeme, tunaoufahamu zaidi huku kwetu. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365 na megawati 310, huiuzia Kenya Power umeme wake kwa bei iliyoandikwa mkatabani. Hapo mnunuzi ni mmoja, hakuna bei ya soko ya kulinganisha, basi hakuna tofauti ya kulipana. Hatari iliyobaki ilikuwa ya namna nyingine: mitambo ilikuwa tayari 2017, laini ya kufikisha umeme Suswa ikakamilika 2018.