Usajili pekee hauleti usawa katika shule za msingi

KUSAJILIWA shuleni ni jambo moja, kufunzwa ni jambo jingine. Katika shule nyingi za msingi nchini, wamo wanafunzi ambao majina yao yako katika sajili ya darasa ilhali wao wenyewe wako nje ya masomo. Kuna kiziwi anayekodolea macho midomo ya mwalimu asiyejua lugha ishara. Kuna msichana anayebaki nyumbani siku kadhaa kila mwezi. Kuna mwana wa mfugaji ambaye familia yake imehama kufuata maji na malisho.

Hao wote huhesabiwa kuwa wamo shuleni, na wengi wao huacha masomo kimyakimya bila yeyote kuuliza sababu.

Maana ya usawa

Usawa haumaanishi kumpa kila mwanafunzi kitu kile kile. Vidole vya mkono havilingani, na watoto vivyo hivyo. Mwalimu akigawa kitabu kimoja cha maandishi ya kawaida kwa darasa zima, kwa mtazamo wa kwanza ametenda haki. Hata hivyo, asiyeona hajapata chochote. Usawa ni kumwezesha kila mmoja kufikia somo lile lile, hata kama njia za kulifikia ni tofauti.

Kutokana na hilo, ubaguzi si lazima uletwe na chuki. Waweza kuletwa na ngazi zisizo na mteremko wa kiti cha magurudumu, lugha ambayo mtoto hajawahi kuisikia nyumbani, au ratiba iliyopangwa bila kumfikiria.

Tulikotoka

Serikali ilipofuta karo katika shule za msingi za umma mnamo Januari 2003, idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 katika mwaka huo mmoja. Mwaka uliofuata, Mzee Kimani Maruge alijiunga na darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo mjini Eldoret akiwa na umri wa miaka 84, akadhihirisha kwamba hata umri haupaswi kuwa kizuizi.

Hata hivyo, madarasa yalifurika, na mwalimu aliyekuwa na wanafunzi wengi kupita kiasi hakuwa na nafasi ya kumtambua mmoja anayehitaji msaada wa pekee.

Kwa muda mrefu watoto wenye ulemavu walifunzwa katika shule zao maalum, nyingi zikiwa zimeanzishwa na makanisa. Shule ya vipofu ya Thika, kwa mfano, ilianzishwa mnamo 1946. Vituo vya kutathmini mahitaji ya watoto hao vilianza mnamo 1984, na miaka miwili baadaye ikaundwa Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya (KISE) ili kuwaandaa walimu.

Sheria inavyosema

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 27, inapiga marufuku ubaguzi kwa misingi kama vile jinsia, kabila, dini, ulemavu, lugha, mavazi na mazingira ya kuzaliwa. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya lazima isiyolipiwa.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inafafanua zaidi. Sehemu ya 34 inakataza shule kumbagua mtoto anayetafuta nafasi. Aidha, kwa kawaida shule ya umma hairuhusiwi kumfanyisha mtihani ili kuamua iwapo itampokea au itamkataa. Mtihani wa kubaini kiwango chake cha masomo unaruhusiwa.

Wanafunzi wenye ulemavu

Si kila hitaji lina gharama kubwa. Mwanafunzi mwenye ualbino, ambaye aghalabu haoni mbali, husaidika akiketi karibu na ubao, mbali na dirisha linalomulika jua, na akiruhusiwa kuvaa kofia na mikono mirefu nje ya darasa hata kama sare haina mavazi hayo. Mtoto anayeitwa mtukutu au mzito wa akili huenda hasikii vyema. Badala ya kumkemea, mwalimu amshauri mzazi ampeleke katika kituo cha tathmini.

Ni kosa pia kudhani kwamba kumweka kila mtoto katika darasa la kawaida ndiko kumjumuisha. Katiba, katika Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma katika taasisi zilizojumuishwa na jamii, lakini kwa kiwango kinachoafikiana na maslahi yake. Kiziwi aliye peke yake miongoni mwa wanafunzi 60 wasiojua lugha ishara yuko mpweke kuliko aliye katika shule ya viziwi, anakozungumza, anakocheza na anakogombana na wenzake kwa lugha yake.

Lugha na asili

Tangu ripoti ya Tume ya Gachathi ya 1976, sera imekuwa kuwafunza watoto wa madarasa ya chini kwa lugha ya eneo lao, na kutumia Kiswahili penye mchanganyiko wa jamii. Hata hivyo, zipo shule ambazo zimewahi kumvisha mtoto kibao shingoni kwa kosa la kutamka neno la lugha ya mama. Mtoto huyo hujifunza kuionea aibu lugha ya wazazi wake kabla ya kujifunza lugha nyingine.

Kizuizi kingine ni karatasi. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa hupata taabu anapohitaji kusajiliwa kwa mitihani ya kitaifa. Mnamo 2011, Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa jamii ya Wanubi, ikiwemo ya kuwa na uraia tangu kuzaliwa. Wamakonde wa Kwale walisubiri hadi 2017 kuanza kupewa vitambulisho vya kitaifa. Mwalimu mkuu hawezi kutoa uraia, lakini anaweza kumpokea mtoto kwanza, kisha akamsaidia mzazi kutafuta stakabadhi.

Wasichana

Marekebisho ya sheria ya elimu ya 2017 yaliipa serikali jukumu la kuwapa sodo bila malipo wasichana waliobaleghe katika shule za umma. Lakini sodo haitoshi pasipo maji na choo chenye mlango unaofungika. Aliyepata ujauzito naye ana haki ya kurejea masomoni baada ya kujifungua, kwa mujibu wa sera iliyoanza mnamo 1994 na kufuatiwa na mwongozo mpya mnamo 2020. Akirejea na kupokewa kwa kejeli za walimu au wenzake, hatakaa.

Hatua za kuchukua

Mwalimu mkuu na bodi ya usimamizi wanaweza kuanza na mambo haya:

- Kuchunguza sajili ya mahudhurio kila mwezi ili kubaini ni nani wanaokosekana mara kwa mara, na kuwatembelea wazazi wao.

- Kukagua njia, madarasa na vyoo pamoja na wanafunzi wenye ulemavu wenyewe, kwa kuwa wao ndio wanaojua wanapokwama.

- Kugawa uongozi wa wanafunzi, michezo na kazi za usafi bila kujali jinsia wala kabila. Kufagia si kazi ya wasichana pekee.

- Kukomesha majina ya dharau, yawe yametoka kwa mwanafunzi au kwa mwalimu.

- Kuwaalika katika mikutano hata wazazi wasiojua kusoma, na kuzungumza nao kwa lugha wanayoielewa.

Nyingi za hatua hizi hazihitaji kusubiri fedha kutoka Nairobi. Zinahitaji mwalimu atakayesoma sajili yake na kuuliza, kila jina lisipoitikiwa, mwenyewe yuko wapi na ni kitu gani kilichomzuia kuja.