Moto Ulivyofukuzwa Gereji

Fundi bodi wa zamani alikuwa na nyundo, kipande cha chuma cha kukingia upande wa pili, na moto wa gesi. Moto ndio uliokuwa bwana. Gari lilikaa juu ya chesisi, na bodi ilivalishwa tu juu yake kama koti. Likigongwa, bati lilipashwa joto, likagongwa kutoka ndani, na bonde lililobaki likazibwa kwa risasi iliyolainishwa, kisha likapigwa tupa. Risasi ni sumu, na ustadi wake ulichukua miaka kuupata. Mwaka 1955 Robert Spink, mwenye gereji huko Miami, akaleta puti ya plastiki aliyoiita Bondo. Tangu hapo hata mwanafunzi aliweza kuziba bonde kwa msasa na subira.

Pigo kwa moto lilitoka kwa wasanifu wa magari. Lancia Lambda ya 1922 na Citroën Traction Avant ya 1934 hazikuwa na chesisi iliyotengana na bodi: bodi yenyewe ilibeba kila kitu. Gari la aina hiyo likigongwa mbele, nguvu husafiri mwilini, na mlango wa nyuma ambao haukuguswa unaweza kukataa kufunga. Jicho halitoshi tena. Ndipo zikaja meza za chuma, kama zile za kampuni ya Celette ya Ufaransa, ambapo gari hufungwa, huvutwa kwa haidroliki na kupimwa kwa milimita. Marekani, ambako magari hayo yalizidi kuenea, shirika la I-CAR liliundwa mwaka 1979 kuwafunza mafundi upya.

Chuma nacho kilibadilika. Vyuma vigumu vya leo hupoteza nguvu vikipashwa joto, kwa hiyo kipande kilichopinda hukatwa na kuwekwa kipya. Toyota IST inayopita Dar es Salaam haina chesisi. Land Cruiser 70 bado inayo. Zote mbili huingia gereji zilezile, na hapo ndipo shida huanza, kwa kuwa kila moja hutaka njia yake ya kunyooshwa. Wanunuzi wengi wa gari lililonyooshwa hutazama rangi. Mimi ningeanza na mianya ya milango, kwa sababu puti haiwezi kuinyoosha.

Na si kila bodi ni ya chuma tena: Ford F-150 ya 2015 ilikuja na bodi ya alumini iliyounganishwa kwa riveti na gundi. Gundi! Gereji inayoitengeneza hutenga hata vifaa vyake, maana vumbi la chuma likiganda kwenye alumini huanzisha kutu.