Picha ya Udogo

Mji mzima unaweza kugeuka mji wa kuchezea pasipo kuguswa tofali hata moja. Mpiga picha wa Italia, Olivo Barbieri, alianza mwaka 2003 kupiga miji akiwa ndani ya helikopta, na Roma ilipotokea katika picha zake, watazamaji walidhani ni ya karatasi ngumu na gundi. Naoki Honjo wa Japani akafuata na kitabu chake Small Planet mwaka 2006. Tangu nilipoziona picha za namna hii sijazichoka, na ninatamani zipate jina lao kwa Kiswahili.

Wapiga picha wengi huziita tilti-shifti, kwa jina la lenzi yenye miondoko miwili: huinama, na husogea. Kusogea ni msaada kwa wanaopiga majengo, ghorofa refu lisionekane limelala nyuma. Kuinama ndiko kwenye utamu. Kapteni Theodor Scheimpflug wa jeshi la Austria, aliyeshughulika na picha za angani, aliieleza kanuni yake katika hataza ya mwaka 1904. Lenzi ikiinama, bapa la fokasi nalo huinama, na bapa hilo, lile la lenzi na lile la filamu hukutana kwenye mstari mmoja. Wapiga picha za bidhaa huitumia kanuni hiyo ili meza nzima ionekane wazi, mbele hadi nyuma. Picha tunazozizungumzia huipindua: lenzi huinamishwa upande wa pili, ukabaki ukanda mwembamba tu ulio wazi, huku juu na chini yake kukiwa na ukungu.

Kwa nini jicho linakubali kudanganywa? Ukisogeza kamera karibu kabisa na kiberiti, kina cha fokasi huwa kifupi mno: chapa ya mbele inasomeka, nyuma kunafifia. Ukipiga barabara kutoka juu ya paa, karibu kila kitu huwa wazi. Jicho lililozoea picha za karibu likiona ukungu wa aina ile juu ya barabara, huamua kwamba barabara iko karibu. Na barabara iliyo karibu, ikaenea yote kwenye fremu, haina budi kuwa ndogo. Watafiti wa Berkeley, Marekani, walichapisha mwaka 2010 utafiti ulioonyesha kuwa ukungu kweli hubadili makadirio yetu ya umbali na ukubwa.

Kwa hiyo tilti-shifti ni jina lenye kasoro. Nusu yake yataja mwondoko usiohusika, na siku hizi programu ya simu huweka ukungu huo bila lenzi yoyote kuinama. “Picha ndogo” haifai, maana hiyo ni pasipoti. Mimi nashika “picha ya udogo”. Aliyekaa darasa la Kiswahili anaujua udogo: nyumba huwa kijumba, mtu huwa kijitu, mji huwa kijiji. Picha hizi hulifanyia jicho kazi ambayo ki- huifanyia nomino. Lenzi yenyewe tuiite lenzi ya kuinama.

Kwa anayetaka kujaribu, asimame ghorofa ya nne au ya tano, jua likiwa kali, atazame chini kimshazari, kisha akoleze rangi, kwani vitu vya kuchezea hupakwa rangi nzito. Aepuke mnara au nguzo inayoukata ukanda ulio wazi. Mnara wa modeli halisi huwa wazi kutoka chini hadi kileleni; huu wetu utaota ukungu kichwani na hila itajulikana. Kariakoo ya Dar es Salaam inafaa sana: bajaji, mikokoteni, miavuli ya wauza matunda, vyote vina rangi na vyote viko chini. Kapige, na ukiionyesha picha hiyo kwa wenzako, waambie ni picha ya udogo.